Walinzi Wasio na Mshahara wa Mto Elbe

Jioni ya tarehe 3 Februari 2016 meli ya makontena yenye urefu wa mita 400 ilikuwa ikipanda Mto Elbe kuelekea bandari ya Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Usukani ukagoma. Meli ikatoka nje ya mkondo, ikapanda fungu la mchanga karibu na ukingo, na maji yalipokupwa ikabaki pale pale, imepwelewa mfano wa ngalawa. Jina lake lilikuwa CSCL Indian Ocean, yaani Bahari ya Hindi. Msomaji wa pwani yetu atanisamehe nikitabasamu kidogo, kwani si kila siku tunapata habari kwamba Bahari ya Hindi imekwama mtoni.

Siku zilizofuata watu walimiminika kwenye matuta ya kuzuia mafuriko, wazee kwa watoto, wakiwa na darubini, kamera na chupa za chai. Wengi walikuja kuona kioja, wakatazama, wakapiga picha, wakarudi makwao. Walikuwapo wengine lakini ambao macho yao hayakuganda kwenye ile meli kubwa. Wao walikuwa wakizitazama tagi, zile boti fupi zenye kifua kipana na nguvu isiyolingana na umbo lake, ambazo kazi yake ni kukokota na kusukuma meli kubwa. Watu hawa waliijua kila tagi kwa jina, mwaka iliyoundwa, na uwezo wake wa kuvuta kwa tani. Tagi mpya ilipojiunga na kazi, waliitambua kabla jina lake halijasomeka.

Majaribio ya mwanzo ya kuinasua meli hayakufua dafu. Ikabidi mafuta yake yapunguzwe, maji ya uzani yamwagwe, na mchanga uliouzunguka mkuku uchimbuliwe. Kisha ikasubiriwa bamvua. Mwezi uliokuwa ukingojewa na wahandisi wale ndio huo huo ulioandama na kutuingiza sisi katika Jumada al-Ula ya mwaka 1437 Hijria. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Februari, maji yalipojaa kupita kiasi cha siku zote, tagi 12 zilivuta kwa pamoja na meli ikatoka. Hakuna aliyepoteza maisha, wala mto haukuchafuliwa kwa mafuta.

Makala haya yanawahusu watu wale wa kwenye tuta, kundi ambalo si rahisi kulieleza kwa mtu asiyelijua. Hawalipwi na mtu. Hawana meli, na wengi wao hawakuwahi kuwa mabaharia. Wapo mafundi wastaafu, walimu, madereva wa mabasi, vijana wa shule. Kinachowaunganisha ni kwamba kila siku, au kila wanapopata nafasi, husimama kando ya mto na kuandika kilichopita.

Hamburg ni mji unaostahili kazi hiyo. Bandari yake iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, ndani kabisa ya nchi, na kila shehena iendayo huko lazima ipandishwe mtoni. Juu ya umbali huo, maji ya Elbe hujaa na kupwa hadi mjini penyewe, kwa tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Kwa hiyo meli kubwa zina saa zake za kuingia na saa zake za kutoka, na anayejua jedwali la maji anaweza kukadiria ni lini zitapita mbele yake. Maji hayo yana upande wake wa msiba pia. Februari 1962 dhoruba iliyasukuma maji ya bahari kupanda mto, matuta yakapasuka, na katika mji wa Hamburg peke yake watu 315 wakafariki. Matuta wanayosimama wapenzi wa meli leo yaliinuliwa na kuimarishwa baada ya usiku ule.

Wenyeji wa mto huu wamefanya kutazama meli kuwa adabu, karibu niseme ibada ya mgeni na mwenyeji. Huko Schulau, katika mji mdogo wa Wedel ulio kwenye ukingo wa kaskazini kabla ya kufika Hamburg, kuna kituo cha kuzisalimia meli kilichoanzishwa mwaka 1952. Meli ya masafa inapokaribia, bendera ya Hamburg hushushwa nusu na kupandishwa kwa heshima, salamu hutolewa kwa lugha ya nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake, na wimbo wa taifa wa nchi hiyo hupigwa kwa vipaza sauti juu ya maji. Wanaofanya kazi hiyo huitwa manahodha wa kukaribisha, na wanayo makabati ya kadi zenye maelezo ya meli, ili waeleze kwa waliokaa mkahawani ni chombo gani kinapita, kimeundwa wapi na kina ukubwa gani. Kwa kuwa wenye meli wengi wa dunia husajili vyombo vyao mahali palipo na ada nafuu, nyimbo za Liberia na Panama zimezoeleka masikioni mwa watoto wa Wedel kuliko zilivyozoeleka masikioni mwa watu wa nchi nyingi za jirani.

Salamu hizo ni za meli kubwa. Tagi haipigiwi wimbo. Ndiyo maana naona kuna jambo la kustahiwa kwa wale wanaoiandika tagi daftarini.

Kazi ya tagi huonekana rahisi kwa anayeitazama kutoka mbali. Meli yenye urefu wa mita 400 haina breki, na inapopunguza mwendo usukani wake hupoteza nguvu, kwa sababu usukani hutegemea maji yanayopita kando yake. Hapo ndipo meli inapokuwa kama mzee mwenye mwili mkubwa anayeshuka ngazi gizani: nguvu anazo, lakini anahitaji mkono wa mtu. Tagi moja hupokea amari tezini, nyingine omoni, na nyingine huweka pua yake ubavuni na kusukuma. Rubani aliye juu ya meli hutoa maelekezo kwa redio, na manahodha wa tagi hujibu kwa maneno machache. Katika bandari ya Hamburg, ambako meli lazima zigeuzwe katika mabwawa yenye nafasi finyu na huku mkondo ukivuta, kosa la dakika moja huweza kuvunja gati.

Tagi za zamani zilikuwa na pangaboi moja nyuma na ndoana katikati ya sitaha. Za leo zina pangaboi zinazozunguka pande zote, au ule mtambo wa Voith-Schneider wenye mapanga yaliyosimama wima chini ya mkuku, unaoiwezesha boti kwenda mbele, nyuma au ubavu kwa ghafla. Nahodha wake huweza kuigeuza mahali ilipo kama mtu anavyogeuka kisigino. Hilo ndilo linalowezesha burudani moja ambayo sijui kama ina mfano kwingine. Kila mwezi wa Mei, Hamburg husherehekea siku ya kuzaliwa kwa bandari yake, ikihesabu tangu tarehe 7 Mei 1189, na mojawapo ya vivutio vya sherehe ni tagi kucheza kwa muziki. Boti zenye uzito wa mamia ya tani huzunguka, hurudi nyuma na kuinamiana mbele ya umati uliojaa ukingoni. Watoto hucheka. Wanaojua, hutazama mikono ya manahodha.

Nasema hutazama mikono kwa sababu kazi hii huua. Hatari kubwa ya tagi ni pale amari inapokaza ubavuni badala ya nyuma au mbele. Meli kubwa ikiendelea na mwendo wake, au ikibadilisha mwelekeo bila tagi kuwahi kugeuka, kamba huivuta boti kwa kiuno na kuilaza, na maji huingia milangoni katika muda usiotosha kuvaa jaketi la kuokolea. Novemba 2010, kwenye njia ya maji ya kuingilia Rotterdam huko Uholanzi, tagi ya Kijerumani iitwayo Fairplay 22 ilipinduka ilipokuwa ikiihudumia feri kubwa, na mabaharia wawili wakafariki. Wapenzi wa meli wa Hamburg waliijua boti hiyo. Kwao ilikuwa kama kusikia msiba wa nyumba ya tatu.

Jina la Fairplay lina historia ndefu katika mto huu, nami sioni vema kulipita bila kumtaja Lucy Borchardt. Kampuni hiyo ya tagi ilianzishwa Hamburg mwaka 1905. Mumewe alipokwenda vitani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Lucy ndiye aliyeiendesha, na alipofariki mume, akaendelea kuwa mkuu wake, mwanamke katika biashara ambayo wakati ule haikuwa na mwanamke. Mabaharia walimwita Mama Borchardt. Alikuwa Myahudi. Wanazi waliposhika nchi, alitumia vyombo vyake kuwafundisha ubaharia vijana wa Kiyahudi ili wapate njia ya kutoka Ujerumani wakiwa na ujuzi mkononi. Mwaka 1938 naye akalazimika kuondoka, akahamia London, na kampuni ikabaki mikononi mwa wengine. Tagi zenye jina hilo zingali zinafanya kazi Hamburg hadi leo, na anayeziona tu kama boti hawezi kujua ni dhuluma gani imepita nyuma ya jina lake.

Hapo ndipo umuhimu wa watu wa kwenye tuta unapodhihiri, kwa sababu bandari haijitunzii kumbukumbu. Bandari huishi kwa leo. Tarehe 31 Mei 1968 meli ya kwanza iliyoundwa kubeba makontena peke yake, American Lancer, ilifunga gati katika eneo la Burchardkai, na kuanzia hapo maisha ya makuli yakageuka. Magunia ya kahawa, masanduku ya chai na marobota ya pamba yaliyobebwa mabegani yakaingia ndani ya makasha ya chuma, na kreni moja ikachukua kazi ya watu wengi. Mabwawa ya zamani karibu na mji yakawa madogo mno. Katika eneo hilo sasa umejengwa mtaa mpya wa HafenCity, na juu ya ghala moja kubwa lililokuwa likihifadhi kakao, chai na tumbaku limeinuliwa jumba la muziki la vioo, Elbphilharmonie, lililofunguliwa Januari 2017. Watalii hulipiga picha kutoka kila upande. Kuta za matofali zilizo chini yake hazipigwi picha sana, ingawa zilifanya kazi ya haki kwa miaka mingi.

Mabadiliko hayajasimama. Bandari huru, iliyokuwa eneo lisilotozwa ushuru tangu 1888, ilifutwa tarehe 1 Januari 2013. Mwaka 2007 bandari ilipitisha makontena yanayokaribia milioni 9.9 kwa kipimo cha futi ishirini. Mwaka 2023 yalikuwa takriban milioni 7.7, na Rotterdam na Antwerp zikawa mbele zaidi. Mwaka 2024 bunge la mji liliidhinisha kuiuzia kampuni kubwa ya meli ya MSC karibu nusu ya HHLA, kampuni inayoendesha sehemu kubwa ya magati, baada ya wafanyakazi wa bandari kuandamana mitaani kuupinga mpango huo. Katika tagi nako, mwaka 2017 Fairplay iliinunua Bugsier, kampuni ya Hamburg iliyoanza 1866, na mwaka huo huo kampuni za Kijerumani nyingine mbili za tagi zikaingia mikononi mwa Boluda ya Uhispania. Rangi za mabomba ya moshi ambazo baba na mtoto walizitambua kwa mbali zikaanza kupakwa upya.

Mto wenyewe nao umeguswa. Ili meli zenye kina kikubwa zipite, Elbe imechimbwa tena na tena. Awamu ya mwisho ilikamilika na njia ikafunguliwa kikamilifu mapema 2022, ikiwa na sehemu iliyopanuliwa karibu na Wedel ili meli pana ziweze kupishana. Haukupita mwaka mzima kabla ya mamlaka ya njia za maji kukiri kwamba tope linarudi kwa kasi na kwamba kina kilichoahidiwa hakiwezi kudumishwa kila mahali. Wavuvi wa mto wanayo malalamiko yao: samaki wadogo wa stint, ambao zamani walijaza nyavu kila mwisho wa baridi, wamepungua vibaya. Sitaki kujifanya hakimu kati ya mvuvi na mwenye gati. Mji unakula kutokana na meli, na samaki naye ana haki yake. Ila nimeona jambo moja: wanaosimama mtoni kila siku huona maji yanavyobadilika rangi, ndege wanavyohama na fungu la mchanga linavyosogea, nao hayo huyaandika pamoja na majina ya meli.

Namna yao ya kuandika inastahili kuelezwa. Siku hizi vyombo hutangaza mahali vilipo kwa mtambo wa redio, na mtu mwenye simu anaweza kuona kwenye ramani kila meli na kila tagi inayotembea. Mtu angedhani hilo lingewamaliza watazamaji. Halikuwamaliza, kwa kuwa ramani huonyesha nukta, nao wanataka chombo. Picha yenye tarehe, saa na mahali ndiyo wanayoiamini, na pamoja nayo ile namba ya tarakimu saba ambayo chombo hupewa kinapoundwa na ambayo haibadiliki hata jina, bendera na mwenye mali vikibadilika. Tagi iliyozaliwa Hamburg ikauzwa kusini mwa Ulaya, kisha Afrika Magharibi, ikapewa majina matatu, bado hujulikana kwa namba yake. Mtu akileta habari kwamba tagi fulani imeonekana mahali fulani, wenzake humuuliza: umeiona mwenyewe, au umesikia kwa nani, na huyo aliipata wapi? Aliyesoma elimu ya Hadithi atawaelewa watu hawa haraka. Wanachokidai ni isnadi.

Na hili si jambo la mbali nasi kama linavyodhaniwa. Mv. Liemba, iliyobeba vizazi vya abiria wa Ziwa Tanganyika, iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, mji ulio kwenye mto mwingine wa Ujerumani uitwao Ems. Ikapewa jina la Graf Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli kuelekea Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wasije wakaiacha kwa adui. Baada ya vita ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Wapenzi wa meli wa Ujerumani huifuatilia kama mtu anavyofuatilia habari za mtoto aliyeolewa mbali. Nasi tuna mafundi wa Kigoma ambao kwa miongo mingi wamezijua ribiti zake moja moja. Ingefaa vijana wetu wakae nao na kalamu, kabla wazee hao hawajaondoka na wanayoyajua.

Hamburg wamekwenda mbele ya kalamu. Tangu miaka ya 1970 kikundi cha wenyeji kimetunza bandari ndogo ya makumbusho huko Övelgönne, ambamo vyombo vya kazi vya zamani vimefungwa vikiwa hai, havikugeuzwa mapambo. Zimo tagi mbili za mvuke, Tiger ya mwaka 1910 na Claus D. ya mwaka 1913. Watu wa kujitolea huzipaka rangi, hubadilisha mabati yaliyoliwa na kutu, na siku ya safari hufika mapema mno, kwa sababu tanuri la makaa ya mawe halipati moto kwa kubonyeza kitufe. Mtu aliyeshinda wiki nzima ofisini huonekana Jumamosi ameshika sepeto, uso mweusi kwa masizi, akijifunza kwa mzee wa miaka themanini jinsi ya kutandaza makaa ili mvuke usipungue.

Aliye na jamaa Hamburg, au atakayejaaliwa kufika, hana haja ya kulipa pesa za watalii ili ayaone haya. Kutoka Landungsbrücken huondoka feri namba 62 iendayo Finkenwerder, na tiketi ya kawaida ya basi na treni za mji inatosha. Wapandishe watoto sitaha ya juu, mkae upande wa kulia. Mtapita soko la samaki la Altona, na mkikaribia kituo cha Neumühlen mtaziona tagi zimefungwa ubavu kwa ubavu kwenye gati lake, zikingoja kuitwa. Kwa kawaida ukingoni huwapo mtu mmoja au wawili wenye kamera. Ukimuuliza jina la ile ya mwisho na mwaka iliyoundwa, uwe na nafasi ya kumsikiliza, kwa kuwa hatakujibu kwa ufupi.